Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mahindi Tunayovuna na Udumavu wa Watoto Wetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za mwaka huu. Mambo ya uendeshaji nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa mihtasari ya vikao vya kamati ya utendaji mmeshagawiwa na mweka hazina atasoma hesabu mara nitakapomaliza. Itoshe kusema kwamba vikao vyote vya kikatiba vilifanyika na akidi ikatimia, kwamba wanachama wapya wamepokewa, wengi wao kina mama wanaozalisha mbegu vijijini, na kwamba wale wenye malimbikizo ya ada wanaombwa wamwone mweka hazina kabla hatujatawanyika. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo mlilotuagiza mwaka jana tulifuatilie kwa undani: kwa nini mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambayo nchi nzima inaitegemea kwa chakula, ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa, na sisi tunaoshughulika na mbegu na mashamba tunaweza kufanya nini.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kilichoshuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015/16. Hayo ni maendeleo, na walioyafanyia kazi wanastahili shukrani. Hata hivyo, ukifungua jedwali la mikoa unakuta Iringa ikiwa na asilimia 57, na Njombe na Rukwa zikiwa karibu na asilimia 50 kila mmoja. Dar es Salaam, jiji linalonunua mahindi, viazi na maharage yetu, iko chini ya wastani wa taifa. Utafiti huohuo ulikuta upungufu wa damu kwa takriban watoto 6 katika kila 10 wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano, na kwa zaidi ya wanawake 4 katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Nimefanya kazi ya ugani katika mikoa hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninakiri kwamba takwimu hizi ziliniuma, kwa sababu katika miaka yote hiyo nilimuuliza mkulima amepata gunia ngapi kwa ekari, na ni mara chache mno nilipomuuliza mtoto wake amekula nini.

Wajumbe wa kamati waliotembelea vijiji vyetu walirudi na maelezo yaliyofanana. Mtoto anaachishwa ziwa kwa uji wa mahindi makavu yaliyokobolewa, uji ambao haujachanganywa na chochote. Mama anakwenda shambani alfajiri na kurudi jioni wakati wa kupalilia na wa kuvuna, na mtoto anaachwa na dada yake mwenye miaka minane, aliyeachiwa sufuria moja ya ugali wa jana. Maharage yapo ndani, lakini yamepangwa kuuzwa; mayai yapo, lakini yanapelekwa gulioni. Nisisahau kutaja kwamba maji yasiyo salama na maradhi ya kuhara yana sehemu yao katika udumavu, na hakuna mbegu itakayoyatibu hayo. Pamoja na hivyo, ile sehemu inayotoka shambani ni yetu, na hatuwezi kuisukumia idara ya afya.

Kwa upande wa sera, maandishi yaliyopo ni mazuri. Tanzania ina Taasisi ya Chakula na Lishe tangu 1973. Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe ulianza 2016/17, na awamu yake ya pili ikaanza 2021/22. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe, na halmashauri zikaelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Katika Azimio la Malabo la 2014 viongozi wa Afrika waliahidi kushusha udumavu hadi asilimia 10 ifikapo 2025. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo imepanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 imewafikia wengi wetu tuliomo humu ukumbini. Ninaipongeza serikali kwa hilo bila kusita, maana tunakumbuka bei ya mfuko wa mbolea ilivyokuwa kabla yake.

Tatizo tunaloliona ni kwamba fedha za kilimo na fedha za lishe zinapita katika milango miwili ambayo haifunguliani. Katika halmashauri moja tuliyoitembelea, ambayo sitaitaja, afisa kilimo alikuwa na takwimu za tani za mahindi kwa kila kata na afisa lishe alikuwa na takwimu za udumavu kwa kata hizohizo, na wote wawili walikiri mbele yetu kwamba hawajawahi kuziweka karatasi hizo mbili mezani kwa pamoja. Tulipowaomba waziweke, kata iliyoongoza kwa mavuno ilikuwa miongoni mwa zile zenye hali mbaya zaidi ya watoto. Kikao kile hakikuchukua saa mbili, lakini kwangu mimi ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya mwaka huu.

Sasa niingie kwenye mbegu, ambako ndiko chama chetu kilikozaliwa. Serikali inahimiza unga na mafuta vitiwe virutubishi viwandani, nasi tunaunga mkono. Lakini mwanakijiji wa kwetu hali unga wa kiwandani. Anapeleka debe lake kwenye mashine ya kijiji, anakoboa, anasaga, anarudi nyumbani. Kwa hiyo kirutubishi kinachotakiwa kumfikia kitamfikia kwa uhakika zaidi kikiwa ndani ya punje au kiazi tangu shambani, na hiyo ndiyo maana ya mazao lishe: aina zilizopatikana kwa kuchagua na kuchavusha wazazi wenye madini au vitamini nyingi kiasili, kizazi baada ya kizazi, hadi ziungane na mavuno mazuri na ustahimilivu wa magonjwa. Nasisitiza neno kuchavusha, kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba rangi ya chungwa ya viazi vitamu vinavyoitwa viazi lishe imetiwa maabara. Rangi hiyo ni beta karotini, ileile iliyomo kwenye karoti na boga, na mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Kabla sijavisifia viazi, ni lazima niseme habari za mahindi, kwa kuwa yana funzo ambalo tusipolielewa tutalirudia. Mwaka 2001 ziliidhinishwa nchini mbegu za mahindi yenye protini bora, Lishe K1, Lishe H1 na Lishe H2. Punje zake zina takriban maradufu ya laisini na triptofani, viini viwili vya protini ambavyo mahindi ya kawaida ni maskini navyo, na ambavyo mtoto anayekula uji wa mahindi pekee anavihitaji kuliko mtu yeyote. Sayansi ilikuwa imekamilika, na waliogundua njia ya kuipata sifa hiyo pamoja na punje ngumu, Surinder Vasal na Evangelina Villegas, walikuwa wametunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Leo, niulize, ni wangapi kati yetu wanazipanda?

Tulilijadili swali hilo katika kikao kizima cha kamati. Kwanza, mahindi yale ni meupe na hayatofautiki kwa macho na mengine, hivyo mnunuzi hakuwa na sababu ya kuongeza hata shilingi moja, kwani mahindi hupimwa kwa uzito, ukavu na usafi wa punje. Pili, sifa hiyo hujitokeza pale tu punje inapoirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo chavua ya shamba la jirani huififisha, na mkulima anayehifadhi mbegu yake msimu hadi msimu huipoteza pasipo kujua. Tatu, na hili ndilo la kisera, hakukuwa na mnunuzi wa uhakika kama shule au hospitali aliyeyataka mahindi hayo kwa jina lake. Mbegu iliachwa ishindane kwa magunia peke yake, na katika mashindano ya magunia mahuluti mapya, yaani mbegu chotara, yaliipita.

Viazi lishe vina bahati ya kujitangaza kwa rangi. Kwa mahindi ya njano rangi ilikuwa laana, kwa sababu wazee wetu walikula unga wa Yanga wakati wa njaa na wakauhesabu kuwa chakula cha msaada. Kwa viazi, watoto wameipenda. Aina kama Mataya, Kiegea na Kabode zimo nchini, na kiazi cha wastani cha gramu 125 kilichochemshwa kinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku nzima, hasa kikiliwa na chakula chenye mafuta kidogo. Lawama ya zamani kwamba viazi hivi vina majimaji na havina unga ilikuwa ya haki, na watafiti waliisikia. Kuongeza ukavu wa kiazi kumekuwa sehemu kubwa ya kazi ya kina Robert Mwanga wa Uganda na Maria Andrade aliyefanya kazi Msumbiji, ambao pamoja na Jan Low na Howarth Bouis walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Ugumu wetu ni marando, yaani vipande vya mashina ya viazi vitamu tunavyovipanda. Mahindi unayaweka kwenye kibuyu, lakini marando hukauka kiangazi, na yale yanayovuka kiangazi mara nyingi yamebeba virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vidukari. Wanachama wetu wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wamethibitisha mwaka huu kwamba kitalu kidogo chenye maji, kikifunikwa kwa neti, hufikisha marando safi hadi mvua za kwanza. Katika maeneo ya baridi kali ya Njombe viazi vitamu hukua polepole mno, na sitaki tuwashauri wanachama wa huko wajilazimishe. Huko zao letu ni maharage.

Maharage ya kawaida yana takriban miligramu 50 za madini ya chuma kwa kilo, na watafiti walijiwekea lengo la 94. Nchini zipo aina za Selian 14 na Selian 15, zilizochaguliwa kwa wingi wa chuma na zinki. Nchini Rwanda, ambako maharage hayo yalianza kutolewa 2010, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliyala kwa siku 128 na akiba yao ya chuma mwilini ikapanda kuliko ya wenzao waliokula maharage ya kawaida. Nawaomba kina mama mnaofundisha wenzenu muendelee kusisitiza kuloweka maharage na kumwaga maji yake, kula pera au chungwa pamoja na mlo, na kuiweka chai ya rangi mbali na chakula, kwa sababu chuma kilichomo kwenye sahani na chuma kinachofyonzwa na mwili ni vitu viwili.

Kutokana na hayo, kamati ya utendaji inawasilisha maombi matatu yatakayopelekwa kwa halmashauri zetu na kwa wizara kwa jina la chama. Tunaomba kiwango cha chuma na zinki kiwe miongoni mwa sifa zinazopimwa na kutangazwa kwa kila aina mpya ya maharage. Tunaomba shule zinazopika makande kwa michango ya wazazi zielekezwe kununua maharage lishe na viazi lishe kwa wazalishaji wa kata zao, ili wazalishaji wa marando na wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi, wapate soko lisilotegemea huruma ya mtu. Na tunaomba kila robo mwaka, siku ya afya na lishe ya kijiji inapofanyika, afisa ugani awepo na awe na la kusema.

Lipo jambo moja linalohitaji uamuzi wenu leo. Wapo wajumbe wanaotaka mafunzo ya lishe kwa kaya yaendelee kwa miaka mitatu katika vijiji vichache, na wapo wanaotaka yawe ya mwaka mmoja ili tufikie vijiji vingi. Kati ya 2006 na 2009 mradi wa viazi lishe uliofikia kaya zipatazo 24,000 nchini Uganda na Msumbiji ulizijaribu njia zote mbili, ya muda mrefu na ya muda mfupi, kila moja ikiunganisha marando, elimu ya lishe na soko, na matokeo kwa ulaji wa vitamini A yalikaribiana, ilhali njia ya muda mfupi iligharimu fedha pungufu. Kwa hiyo mimi binafsi naelekea kwenye mwaka mmoja, kwa sharti kwamba kila kijiji kibaki na kitalu cha neti na mama mmoja aliyefunzwa kukitunza. Wenzangu wawili katika kamati hawakubaliani nami, na sababu zao ni nzito. Wanasema kina mama wa kwetu wana muda mfupi zaidi kuliko wa huko kwa sababu ya kazi za mahindi. Namwomba katibu awape nafasi wazieleze wenyewe, kisha tupige kura kabla ya mweka hazina kusoma makadirio ya mwaka ujao, kwa kuwa bei ya neti imo ndani ya makadirio hayo.