Shukrani kwa mzee wa baiskeli aliyenisaidia kufufua bustani ya mama

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, na jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Uliponikuta nyuma ya nyumba ya marehemu mama, hapa Tanga, nilikuwa nafyeka ndago, yale magugu sugu, kwa panga kwa mara ya tatu. Uliegemeza baiskeli kwenye mnazi, ukachimbua udongo kidogo, ukanionyesha vile viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga. "Mwanangu, ukikata majani unayapogoa tu. Mwenyewe yuko chini." Tukachimba hadi adhuhuri, tukachambua udongo kwa mikono, viazi tukavianika juani juu ya bati. Pesa ulikataa. Ulikunywa maji ya dafu, ukaenda zako.

Majani makavu sikuyachoma. Niliyatandaza kwenye matuta kama ulivyoniambia, na kweli udongo haukauki upesi. Mchicha niliuvuna kabla mwezi haujaisha, bamia zimeanza kuzaa, matembele niliyoyapanda kwa marando yametambaa hadi ukutani. Ndago bado zinachomoza hapa na pale, nazing'oa zikiwa changa.

Lakini kubwa kuliko yote ni asumini. Katikati ya kile kichaka ulilizuia jembe langu: "Hapo usiguse." Lilikuwa shina alilopanda mama, nami nilidhani limekufa siku nyingi. Juzi limechanua. Dada yangu akatunga kikuba cha asumini na mrehani, nyumba nzima ikanukia kama enzi za mama. Nililia, mzee wangu.

Mwenyezi Mungu akulipe. Ukipita tena njia hii, piga hodi. Fungu lako la mchicha lipo.