Kamera za mbali zitumike kuwafuatilia heroe wa Ziwa Natron

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ufuatiliaji wa heroe wadogo (aina ya flamingo, si makinda) katika Ziwa Natron, ambalo ndilo zalio lao kuu Afrika Mashariki. Ndege huyu hutaga yai moja tu juu ya kichuguu cha tope, mbali na ufuko, na tope hilo la magadi ndilo ngao yake: mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuyafikia mazalia hayo kwa miguu, akaungua vibaya. Eropleni ikiruka chini nayo huweza kulishtua kundi zima, na mzazi akiinuka, yai hubaki juani.

Kwa hiyo napendekeza kamera zinazopiga picha zenyewe kwa vipindi, zenye kutumia nishati ya jua, zisimikwe kwenye nguzo kabla ya msimu wa kutaga, ili zituoneshe viota vinavyotelekezwa na jinsi maji yanavyopanda, kwani maji yakiongezeka ghafla hufunika viota, na yakipungua mno huwafungulia njia wanyama walao nyama.

Kazi si nyepesi. Magadi hula vyuma na vumbi lake hufunika lenzi, tena heroe huweza kuhamia upande mwingine wa ziwa, hivyo nguzo moja haitoshi. Ninachokihofia zaidi (nimeyaona haya katika miradi mingine) ni maelfu ya picha kurundikana bila mtu wa kuzihesabu. Vijana wa vijiji vya jirani, kama Engaresero, wafundishwe kuzisoma, na walipwe.

Mpenda ndege,
Arusha