Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msako wa Mipigo Mikubwa ya Pulsa Changa

Ndugu wanachama,

Vikao vimefanyika kwa ratiba, na mahesabu mtayasikia kwa mhazini. Mimi naomba nizungumzie msako wetu wa pulsa changa, yaani masalia ya nyota zilizolipuka, yanayozunguka kwa kasi na kurusha mipigo ya redio.

Pulsa ya Nebula ya Kaa ni masalia ya nyota ambayo mlipuko wake ulionekana mwaka 1054. Huzunguka takribani mara 30 kwa sekunde, na kila mzunguko hurusha mpigo wa redio. Mingi ni hafifu, ila mara mojamoja hutoka mmoja unaozidi wastani maelfu ya mara. Mipigo hiyo mikubwa ndiyo iliyoifichua pulsa hii kwenye kituo cha darubini za redio cha Green Bank, Marekani, mwaka 1968. Mwaka 2003 ikatangazwa kwamba B0540-69, pulsa changa iliyomo katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, nayo ina tabia hiyo. Changa za aina hii zinazojulikana ni chache mno, ndiyo maana naona msako huu unastahili jasho letu.

Sahani yetu ya kunasia mawimbi ya redio hapa Dodoma ni ndogo. Inatosha kunasa haidrojeni ya Njia ya Maziwa, galaksi yetu, kwenye megahezi 1420. Kwa mipigo tunapekua rekodi za darubini kubwa zilizowekwa wazi kwa umma. Utaratibu uliozoeleka ni kujumlisha mipigo maelfu ili kupata wastani, na humo ule mmoja wa ajabu humezwa. Sisi tunaukagua mmoja mmoja.

Elektroni za angani huyachelewesha zaidi mawimbi ya masafa ya chini. Kwa Kaa, wimbi la gigahezi 1.2 hufika kama milisekunde 43 baada ya lile la 1.4, na kwenye skrini huchora mstari uliopinda. Hivyo ndivyo tunavyoutofautisha mpigo na kelele za karibu: cheche za bodaboda husimama wima, masafa yote kwa pamoja. Hata hivyo mstari uliopinda pekee haunitoshi: mwaka 2015 wataalamu wa darubini ya redio ya Parkes, Australia, waligundua kuwa ishara za namna hiyo zilizowasumbua kwa miaka zilitoka kwenye oveni ya maikrowevu iliyofunguliwa kabla ya kumaliza kazi.

Vijana wetu wameitambua mipigo ya Kaa katika rekodi hizo. Kwenye pulsa nyingine hatujapata kitu, na matokeo hayo yameandikwa na kutunzwa, maana anayefuata lazima ajue tulipokwisha kutazama.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe ununuzi wa diski za kuhifadhia rekodi. Tunahitaji pia wakaguzi zaidi, hasa Desemba hadi Machi, mvua zinapowanyima wenzetu wa darubini za macho anga safi. Majina yaandikishwe kwa katibu leo, kabla ya kutawanyika.

Mwenyekiti