Shangazi yake baba hataki nijue babu mkuu alikuwa mtumwa wa nani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na kwetu ni Freretown, kijiji ambacho wamishonari wa CMS, shirika la misheni la Kanisa la Anglikana la Uingereza, walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Tangu utotoni tunaambiwa sisi ni Wanyasa, yaani watu wa pande za Ziwa Nyasa, basi. Kijiji gani, ukoo gani, hakuna ajuaye. Nimeamua kuandika shajara ya ukoo wetu kabla wazee hawajatuishia, maana kila tanga tunazika mmoja na habari zake.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Ukoo mzima unaamini kwamba babu yetu mkuu alikutwa mtoto ndani ya jahazi la watumwa lililokamatwa na manowari ya Waingereza, akateremshwa Freretown. Lakini shangazi yake baba, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, siku moja akateleza ulimi. Akasema yule hakuletwa na meli yoyote. Alikuwa mtoro kutoka mashamba ya hapa hapa pwani, akakimbilia misheni ya Rabai, na akapewa hati ya uhuru wakati kampuni ya Waingereza ilipowalipa mabwana fidia, mwanzoni mwa 1889. Nilipouliza bwana wake alikuwa nani, akanyamaza, kisha akaniambia, "Mwanangu, hao tumeshaoleana nao."

Sasa nimepata Biblia ya zamani ya nyumbani. Nyuma yake kumeandikwa majina ya watoto na tarehe za ubatizo, mwandiko mzuri wa mtu wa shule. Mstari wa kwanza kabisa umefutwa kwa wino mzito, kalamu imepita mara nyingi mpaka karatasi imechanika. Aliyefuta hakutaka usomeke kabisa.

Cheti cha ubatizo cha babu huyo mkuu hakinisaidii: jina la Kizungu, na mahali pa jina la baba pamepigwa kistari. Najua karatasi za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na nyaraka nyingine za serikali ya zamani ziko Nairobi, ila sijui niombe nini hasa nikiandika. Binamu yangu ananishauri nipime DNA. Kipimo hicho hukuonyesha jamaa ambao nao wamepima. Ndugu zangu wa vijijini Malawi au Msumbiji, kama wapo, watakuwa wamepimwa na nani?

Shangazi, kinachoninyima usingizi hasa ni yule bibi. Nikiandika kisa cha jahazi, nawaachia watoto wangu jambo ambalo mwenyewe silisadiki. Nikiandika cha Rabai, nitamvunjia heshima, na dada yangu ameolewa katika mojawapo ya nyumba zilizokuwa na mashamba. Je, nimwombe aseme sasa nami niweke ahadi ya kutotangaza mpaka afe? Au nifuatilie hati hizo kimya kimya bila idhini yake?

Mjukuu wa Freretown,
Kisauni, Mombasa