Kiko cha wakati wa vita sio feki

Mhariri, salamu kutoka huku Tabora mjini. Kuna msomaji wenu aliandika kuhusu kiko cha kuvutia tumbaku, cha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alichoachiwa na babu yake, eti mnunuzi mmoja wa vitu vya kale kamwambia ni feki kwa sababu mti wake sio braya, ule mti uliozoeleka kuchongewa viko. Mi ni seremala, miti ndo kula yangu, hapo naomba nibishe kidogo.

Braya inatoka pande za Mediterania, Algeria, Italia, Corsica, Ugiriki huko, na kinachotumika sio shina wala tawi, ni lile fundo linalovimba ardhini penye mizizi, wanalichimba, wanalichemsha masaa kibao utomvu utoke, wanaliacha likauke miezi na miezi ndo lichongwe. Uzuri wake haliungui kirahisi. Sasa Juni 1940 Ufaransa ikaanguka na Italia ikaingia vitani mwezi huohuo, meli za mizigo zikawa hazipiti ovyo, we fundi wa London au New York fundo utalitoa wapi? Wamarekani wakaingia porini kwao wenyewe, wakachimba mafundo ya vichaka vya kwao, loreli ya milimani kule North Carolina na manzanita kule California, wakachonga hayohayo.

Na sio mti tu. Kile kipande cha mdomoni kilikuwa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukakakamaa, na 1942 Wajapani wakaichukua nchi ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) na mashamba yake yote ya mpira, mpira uliobaki ukawa wa matairi ya jeshi kwanza, hadi hapa Tanganyika mashamba ya mpira yaliyokuwa yametelekezwa yakafufuliwa. Nani angekumbuka wavuta kiko?

Aliyechonga kwa mti alionao kaghushi nini sasa? Feki ni kugonga mhuri wa braya kwenye mti mwingine, hilo nakubali.

Mbona hapahapa Tabora 1916 Wajerumani walivyozibiwa njia ya baharini, pesa haziji, walizifyatua wenyewe kwenye karakana ya reli, sarafu za heller 20 za shaba na za rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, na zile za shaba nyingine zimegongwa hovyohovyo kweli, lakini leo wakusanyaji wanazigombania na hakuna anayeziita feki. Huyo mnunuzi mi namhisi anashusha bei tu.

Mwenye kiko asikipige msasa wala vanishi (mafundi wenzangu hapo ndo wanaharibu vitu vya watu), aangalie pembeni kama kuna jina la nchi au kiwanda limegongwa, halafu ageuze kitako autazame mti. Akikuta ni mninga wetu, ujue kimechongwa na fundi wa huku, na hicho mi ningetaka kukiona kuliko hata vya London.

Fundi seremala,
Tabora