Magoti yamekataa kazi, na kontrakta bado hajui

Mhariri, naomba nafasi. Wasomaji wenzangu, hamjambo?

Mimi ni fundi wa vigae, au matailisi kama tunavyosema kwenye mjengo. Nina miaka 56, naishi Kaptembwa hapa Nakuru, na kazi hii nimeifanya miaka 29, karibu yote nikiwa nimepiga magoti. Tangu mji wetu ufanywe jiji, Desemba 2021, kazi haijanipungukia. Kiamunyi niliyoijua ikiwa mashamba ya mahindi sasa ni ghorofa na ghorofa. Wakati kazi imekuja kwa wingi, ndipo magoti yakagoma.

La kulia ndilo lililoanza. Sikulijali, maana fundi gani wa vigae haumwi magoti? Nilikata kipande cha godoro kuukuu nikawa napigia goti juu yake. Kisha likaanza kukwaruza. Nikiinuka unalisikia kabisa, kama kigae kinachoburutwa kwenye mchanga. Asubuhi linakaza kama robo saa hivi kabla halijakubali kukunjuka. Kushuka ngazi kukawa kubaya kuliko kupanda, na mtu wa ghorofa akipanda asubuhi, jioni atashuka tu.

Karibu na saiti moja palikuwa na duka la dawa. Kijana wa pale alinipa dawa za maumivu, diklofenaki, na ukweli nilifanya kazi siku hiyo kama mtu wa miaka 30. Nikazimeza karibu mwaka mzima, mbili kwa siku, siku mbaya tatu, na mara kadhaa nikadungwa sindano ya maumivu nirudi kazini. Hakuna aliyenipima presha wala kuniuliza kama nimekula. Hadi choo kikawa cheusi kama lami. Hospitalini nikaambiwa vidonda vya tumbo vinatoka damu, na presha ilikuwa 170 kwa 100. Daktari alinieleza kwamba dawa za aina ile hula tumbo, hupandisha presha na kuchosha figo, hasa ukizinywa mfululizo bila mtu wa kukuangalia. Wale vijana wa mjengo wanaonisoma, na najua mnazo mfukoni sasa hivi, hilo nawapa bure.

Daktari wa mifupa aliiweka eksirei yangu kwenye mwanga akanionyesha. Gegedu, ile nyama ngumu inayoteleza na kuzuia mfupa usisuguane na mfupa, limelika. Ugonjwa wenyewe unaitwa osteoathritisi. Nikamuuliza dawa yake, akasema ya kurudisha gegedu lililolika hakuna. Mimi maisha yangu yote kigae kikivunjika naking'oa naweka kingine, kwa hiyo nilikaa pale kwa muda nikiangalia sakafu ya chumba chake. Imewekwa vibaya, kwa njia, karibu na mlango.

Spea ipo, alisema, goti la bandia, lakini kwangu bado mapema. Kwa wengi hudumu miaka 15 hadi 20 hivi, na wengi waliowekewa hupata taabu kupiga magoti. Yaani hata nikiuza kila kitu nikafanyiwa upasuaji, kwenye vigae huenda nisirudi vilevile.

Mwaka jana alinidunga sindano ndani ya goti lenyewe. Alinionya kwamba itatuliza wiki kadhaa, pengine miezi michache, na kwamba haidungwi kila mara. Ilituliza wiki saba. Na mimi mwerevu nikafanya nini? Nikachukua nyumba nzima kule Lanet, nikapiga magoti kuanzia sebuleni hadi bafuni. Dawa ilipoisha, goti liliamka likamwamsha na jirani yake wa kushoto.

Sisemi sijabadilika. Kila asubuhi kabla ya chai nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mbele, nahesabu hadi kumi, nashusha, kama nilivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Misuli ya paja ikiwa na nguvu hulibebea goti mzigo. Nilikuwa na kilo 96, sasa 89. Niliambiwa kila kilo unayopunguza, goti linapunguziwa kama nne kwa kila hatua, na nikilala na njaa hiyo hesabu ndiyo hunibembeleza. Kwenye ploti yetu choo ni cha kuchuchumaa, nikajenga kiti cha simiti juu yake, nikakipiga vigae vyeupe vilivyobaki kazini. Landilodi alifoka. Ajuza wa nyumba namba mbili alinibariki, na tangu hapo landilodi amenyamaza.

Dawa za mtaani nimezipita zote. Mke wangu alinichemshia thabai, yale majani yanayowasha, jirani akaniuzia mafuta ya mbuni, na nyama nyekundu niliiacha miezi minne, hadi daktari akanicheka kwamba ule ni mwiko wa jongo, ugonjwa mwingine kabisa.

Maumivu, basi, nimejifunza kuishi nayo. Shida yangu ni hii nyingine.

Kontrakta ambaye amenipa kazi miaka 11 amenipa ghorofa tano Kiamunyi, tunaanza mwezi ujao. Hajui. Saitini nimekuwa natembea na ule ubao mrefu wa alumini wa kusawazishia simiti, kila mtu anaona fundi amebeba kifaa chake, kumbe ndiyo fimbo yangu. Nimeushika mkono wa kushoto, maana niliambiwa fimbo hushikwa upande wa pili wa goti baya. Malipo yetu ni kwa mita mraba. Arubuni nilishapokea, ikaenda moja kwa moja kwa karo ya binti yangu aliye Egerton.

Ninaye kijana wa miaka 23 niliyemfundisha mwenyewe. Nimewaza mimi nipige mistari, nipime, nikate vigae nikiwa nimekaa mezani, yeye apige magoti. Mkono wake ni mzuri, ila nikienda chai mstari wake nao unaenda chai. Isitoshe nitamgawia nusu ya malipo, na ni haki yake. Halafu kwenye mjengo fundi anayekaa kitini huitwa nyapara, na nyapara kontrakta anaye tayari.

Mke wangu anasema turudi nyumbani Vihiga, nipumzike. Anayeijua Maragoli anajua ile miteremko. Maji yako bondeni, chai iko mlimani, na ng'ombe hakamwi umesimama. Na mtaalamu wa mazoezi aliniambia goti likipumzishwa kabisa hukaza zaidi. Nimemweleza mke wangu hayo yote, ila habari ya arubuni sijamweleza. Juzi aliniuliza kwa nini siku hizi nasali nimekaa. Nikamwambia Mungu haangalii magoti. Alinitazama tu.

Kwa hiyo nauliza, hasa nyinyi mliopita hapa, mafundi, walimu wa michezo, akina mama mliouza sokoni mkichuchumaa miaka na miaka: nimwambie kontrakta ukweli kabla hatujaanza, nikijua anaweza kuidai arubuni ambayo sina? Au nianze na kijana wangu, na kazi ikionekana safi ndipo niseme? Je, kuna aliyewahi kumwambia bosi wake jambo kama hili akabaki na kazi, na alilisema vipi? Kwa mke wangu najua la kufanya, nakosa ujasiri tu, lakini mkinisukuma sitakasirika.

Jibuni mapema kama mnaweza. Jumamosi hii kontrakta ananipeleka kunionyesha jengo, hadi juu ghorofa ya tano. Nimepita pale jana nikachungulia. Ngazi bado hazijawekwa vishikio.

Fundi wa Kaptembwa,
Nakuru