Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: Kibao kinachokosekana Maktaba ya McMillan

Mheshimiwa Gavana,

KUH: OMBI LA KIBAO CHA HISTORIA, MAKTABA YA McMILLAN, MTAA WA BANDA

Kwa heshima kubwa, naomba kibao cha Kiswahili kiwekwe kwenye ngazi za maktaba hiyo, pale kwenye simba wawili wa mawe, kieleze ni nani waliokatazwa kuingia humo.

Walioijenga tunawajua. Lady Lucie McMillan, akisaidiwa na fedha za Shirika la Carnegie la New York, alilisimamisha jengo hilo kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk. Lilifunguliwa mwaka 1931, na mwaka 1938 likatungiwa sheria yake lenyewe, heshima ambayo majengo machache sana nchini yamewahi kupata.

Jambo lisilosemwa ni kwamba hadi mwaka 1958 vitabu hivyo vilikuwa vya Wazungu peke yao. Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, uko hapo hapo jirani. Kwa hiyo kwa miaka 27 Mwafrika au Mhindi aliyetoka kuswali Ijumaa aliziona nguzo za maktaba kwa karibu kabisa, akajua fika kwamba hata awe msomaji hodari namna gani, hangekaribishwa ndani. Mimi naona hiyo ndiyo historia kuu ya jengo lile, kuliko hata nguzo zake. (Simba sina ugomvi nao, wabaki.)

Baraza la Jiji lilikabidhiwa maktaba mwaka 1962, nayo leo iko chini ya serikali yako pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, ambayo yamekwisha kukarabatiwa kwa ushirikiano na Book Bunk, shirika la Nairobi linalofufua maktaba za umma. Kwa kuwa ukarabati wa jengo kuu unahitaji fedha nyingi na muda mrefu, nasihi kibao kisingojee rangi mpya. Mistari mitatu inatosha: 1931, 1958 na 1962, na kila mwaka uandikiwe waziwazi ni nani aliyeruhusiwa kuanzia hapo kuupita mlango ule.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Nairobi